John Williamson: Mkanada aliyejenga mji juu ya almasi, akafa bila kuuachia mrithi

JOHN Thoburn Williamson alipofariki mnamo Januari 8, 1958, akiwa na umri wa miaka 50, aliacha machimbo ya almasi yaliyokuwa gumzo la ulimwengu, mji mzima uliozungushiwa seng'enge, uwanja wa ndege na jina lililojulikana kutoka Mwanza hadi London.

Hakuacha mke wala mtoto.

Kwa karibu miaka 18 mwanajiolojia huyo wa Kanada alikuwa ndiye sheria katika Mwadui, eneo lililo kati ya miji ya Shinyanga na Mwanza, kaskazini mwa Tanganyika ya wakati huo. Aliamua nani aingie na nani atoke. Aliamua ni almasi ngapi ziuzwe na ngapi zilale sandukuni. Aliwakatalia matajiri wa biashara hiyo waliozoea kukubaliwa popote walipobisha hodi.

Hata hivyo, kabla ya mwaka huo wa 1958 kumalizika, matajiri hao hao walikuwa wamemiliki nusu ya kila kitu alichokijenga.

Maisha ya Williamson na maisha ya Mwadui ni uzi mmoja. Ukiufuata kuanzia mwanzo unaonyesha jinsi mji wa machimbo unavyoweza kuota porini kama uyoga baada ya mvua, na jinsi unavyoweza kunyauka ilhali mali ingali chini ya ardhi.

KUTOKA QUEBEC

Williamson alizaliwa Februari 10, 1907, katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec, Kanada. Alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal akiwa na nia ya kusomea sheria. Safari moja ya masomo katika nyika za Labrador, ambako wanafunzi walichunguza miamba, ilimgeuza nia. Aliiacha sheria, akashika jiolojia.

Hakurudi nyuma tena. Alipata shahada yake ya kwanza mnamo 1928, akaendelea na masomo ya juu na kufikia mwaka wa 1933 alikuwa amehitimu shahada ya uzamifu. Wakati huo uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka na kazi zilikuwa adimu hata kwa waliosoma kama yeye.

Afrika ilikuwa na kazi. Kampuni kubwa za madini zilikuwa zikituma wataalamu kusini mwa bara hili, na Williamson alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi Rhodesia Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, kisha akapanda hadi Tanganyika, ambako aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi katika eneo la Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Kwamba kulikuwa na almasi katika nchi ya Wasukuma halikuwa jambo geni. Mawe hayo yalikuwa yamejulikana tangu miaka ya 1920. Shida ni kwamba yalipatikana kidogo kidogo, yakiwa yametawanyika katika kokoto za juu, na kampuni nyingi ziliona hayatoshi kulipa gharama za kuyatafuta.

Kampuni iliyomwajiri Williamson nayo ilifika mahali ikachoka. Wengine walifunga virago. Yeye akabaki.

DENI, HOMA NA MBUYU

Ili kuelewa kwa nini alibaki, yafaa kujua almasi hutoka wapi. Almasi huundwa chini sana ya ardhi, kina cha zaidi ya kilomita 150, kwenye joto na mgandamizo mkubwa. Mamilioni ya miaka iliyopita, miamba iliyoyeyuka ilipasua njia na kupanda juu, ikiyabeba mawe hayo. Njia hizo zilipopoa zikawa kama mabomba makubwa yaliyojaa mwamba uitwao kimbalaiti.

Mvua na upepo hulila bomba hilo kwa juu na kuzisambaza almasi mabondeni. Mtu anayeokota almasi moja mtoni anaokota makombo tu. Sahani yenyewe iko kwingine.

Williamson aliamini kwamba sahani iko karibu. Alifuata dalili ndogo ndogo katika udongo, hasa madini meusi ambayo huandamana na kimbalaiti. Alifanya hivyo kwa miaka kadhaa, akitumia gari kuukuu na vibarua wachache, huku malaria ikimwangusha mara kwa mara na madeni yakizidi kumlemea.

Ni katika kipindi hicho ambapo msaada ulimjia kutoka mahali ambapo Wazungu wengi wa koloni wasingetafuta. I.C. Chopra, wakili mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, alimfadhili. Fedha zake zilimwezesha mtafuta mawe huyo kula, kulipia leseni na kuendelea kuchimba. Baadaye Chopra alikuwa mwanahisa na mshauri wake wa sheria, na mmoja wa watu mashuhuri wa Tanganyika.

Mnamo Machi 6, 1940, katika mahali paitwapo Mwadui, karibu na mti wa mbuyu, utafutaji huo ulifika mwisho.

Jinsi ilivyotokea siku hiyo husimuliwa kwa namna nyingi. Wapo wasemao gurudumu la gari lake lilikwama matopeni na lilipozunguka likafukua jiwe lililomeremeta. Wengine husema ni kibarua wake aliyeliokota. Hadithi ya gurudumu ndiyo iliyopendwa zaidi magazetini kwa sababu humfanya Williamson aonekane mtu aliyeangukiwa na bahati.

Lakini bahati ilikuwa sehemu ndogo mno. Mtu huyo alikuwa ameifuata njia ya almasi kwa miaka, akiwa na elimu ya kutosha kusoma ardhi iliyokuwa chini ya gari lake. Nao vibarua Wasukuma waliochimba pamoja naye walikuwa wakiijua nchi hiyo kuliko yeye, ingawa hakuna jiwe wala mgodi uliopewa jina la hata mmoja wao.

EKARI 360

Alichokigundua kilikuwa kikubwa kuliko alivyotarajia. Bomba la kimbalaiti la Mwadui lina eneo la hekta 146 kwa juu, yaani takriban ekari 360. Hakuna jingine kubwa kama hilo duniani ambalo limewahi kuchimbwa kwa faida kwa muda mrefu hivyo.

Ugunduzi ulikuja vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto. Mitambo haikupatikana kwa urahisi na meli zilikuwa na kazi nyingine. Upande wa pili, viwanda vya silaha vilizihitaji almasi mno, maana hakuna kitu kinachokata na kusaga chuma kama almasi. Williamson alianza kwa mikono ya vibarua na mashine za kuungaunga. Mnamo 1942 alisajili kampuni, Williamson Diamonds Limited.

Kazi ya machimbo ya aina hiyo si ya kuchimbua handaki na kuingia gizani. Ni kufukua ardhi wazi, kama inavyofanywa katika machimbo ya mawe ya ujenzi. Udongo na kokoto hubebwa, huoshwa, huchekechwa na kutenganishwa hadi zibaki changarawe nzito tu. Kwa miongo mingi, hatua ya mwisho katika migodi ya almasi ilikuwa ni kuzipitisha changarawe hizo, pamoja na maji, juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe ya kawaida hutiririka na maji. Almasi, ambayo haipendi maji, hunata.

Tofauti na machimbo ya mawe ya kujengea ni kiasi cha kinachopatikana. Katika mwamba wa Mwadui, tani 100 hutoa karati sita hivi. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Yaani, malori kadhaa ya udongo hutoa almasi zenye uzito usiozidi sana gramu moja.

Tangu 1940, Mwadui imetoa zaidi ya karati milioni 19. Idadi hiyo ni kubwa kuitamka, lakini uzito wake ni takriban kilo 3,800. Kama zingekusanywa zote mahali pamoja, zingebebwa na gari moja aina ya Canter, kama yale yanayopeleka mchanga na mawe kwa wanaojenga Mutuini na Dagoretti.

Lililobaki pale Mwadui ni shimo, na vilima vya mchanga uliokwisha kuoshwa.

ZAWADI YA BINTI MFALME

Mnamo Oktoba 1947 lilipatikana jiwe ambalo lingelifanya jina la Williamson lidumu hata kwa watu wasiojua Shinyanga iko wapi. Lilikuwa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Almasi za rangi hiyo ni nadra mno, na zenye ukubwa huo ni nadra zaidi.

Wakati huo Uingereza ilikuwa ikijiandaa kwa arusi ya Binti Mfalme Elizabeth na Philip Mountbatten, iliyofanyika Novemba 20, 1947. Williamson aliamua kumpa bibi arusi jiwe hilo kama zawadi.

Lilikatwa na kung'arishwa mjini London mwaka uliofuata, likabaki na karati 23.6. Mnamo 1953, kampuni ya Cartier ililiweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, likizungukwa na almasi nyeupe. Kufikia wakati huo mwenye pambo alikuwa tayari malkia. Habari za kifo cha babake, Februari 1952, zilimfikia akiwa ziarani Kenya, baada ya kulala Treetops, Nyeri.

Malkia Elizabeth alilivaa pambo hilo kwa miongo mingi, ikiwemo siku ya arusi ya mwanawe Charles mnamo 1981. Jiwe lililotoka chini ya ardhi ya Wasukuma likawa miongoni mwa vito mashuhuri zaidi vya ufalme wa Uingereza.

Kwa Williamson zawadi hiyo ilikuwa ukarimu, lakini pia ilikuwa tangazo. Ulimwengu mzima sasa ulijua kwamba kulikuwa na mtu Tanganyika mwenye mali ya kiasi hicho na asiyemtegemea mtu yeyote.

MMOJA DHIDI YA WENGI

Hilo la kutomtegemea mtu ndilo lililomfanya kuwa tatizo.

Biashara ya almasi duniani ilikuwa mikononi mwa De Beers, kampuni iliyoongozwa na Ernest Oppenheimer wa Afrika Kusini. Siri ya biashara hiyo ilikuwa rahisi. Almasi ni ghali kwa sababu hazimwagwi sokoni kwa wingi. Ili bei isishuke, ilibidi karibu kila mchimbaji auze kupitia mlango mmoja, kwa mgao uliopangwa.

Mchimbaji mkubwa aliye nje ya mpango huo alikuwa hatari kwa wote. Na machimbo ya Williamson yalikuwa makubwa.

Oppenheimer alijaribu kununua. Williamson alikataa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikubali kuuza kupitia mlango huo wa pamoja, lakini mkataba ulipokwisha, hakuridhika na masharti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifunga mkono kabisa. Machimbo yaliendelea na kazi, ila almasi hazikuuzwa. Zilirundikwa Mwadui kwenye sefu.

Mgomo huo wa mtu mmoja haukuwaumiza wapinzani wake pekee. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitegemea kodi ya almasi, ambazo katika miaka hiyo zilikuwa zikiongoza miongoni mwa madini yaliyoiletea nchi fedha. Serikali ilimshinikiza. Hatimaye Williamson alirudi mezani, akatia saini mkataba mpya uliomfaa zaidi kuliko wa kwanza.

Alikuwa ameshinda kwa muda. Lakini ushindi ulitegemea afya na ukaidi wa mtu mmoja aliyevuta sigara na, kama husemwa na wengi waliomjua, kunywa kupita kiasi. Hapakuwa na chama, bodi wala mrithi ambaye angeushika ukaidi huo mahali pake.

MJI NDANI YA SENG'ENGE

Nje ya ugomvi huo, Mwadui ilikuwa ikikua. Mahali palipokuwa na mbuyu na vichaka paliota mji wenye umeme, maji ya mabomba, hospitali, shule, maduka, karakana na nyumba za wafanyakazi. Kulikuwa na kiwanja cha ndege, na kulikuwa na bwawa lililokinga maji ya mvua, kwani Shinyanga ni nchi kavu na almasi haziwezi kuoshwa bila maji.

Kwa mkulima wa pamba au mfugaji wa ng'ombe wa vijiji vya karibu, taa za Mwadui usiku zilikuwa kama za nchi nyingine. Miji mingi ya wilaya wakati huo haikuwa na huduma kama hizo. Kazi ya mgodini ilimaanisha mshahara wa kila mwezi, tiba na shule kwa watoto.

Lakini ulikuwa mji wa koloni. Wazungu, Waasia na Waafrika waliishi kila mmoja upande wake, watoto wakisoma katika shule tofauti kama ilivyokuwa kote Tanganyika. Nyumba ya mfanyakazi ilikuwa mali ya kampuni. Aliyefutwa kazi alifutwa pia nyumba.

Na ulikuwa mji wa ua. Jiwe dogo kama punje ya mtama lingeweza kumtajirisha mtu, kwa hivyo kila aliyetoka alishukiwa. Seng'enge, walinzi na upekuzi vilikuwa sehemu ya maisha. Mali ilikuwa ya ndani na watu wa nje waliitazama kupitia matundu ya ua.

Williamson mwenyewe aliishi humo humo. Hakuhamia London wala hakurudi Montreal kula utajiri wake. Alitajwa magazetini miongoni mwa matajiri wakubwa duniani, ilhali makao yake yalikuwa nyumba pale mgodini, mbali na anasa za miji mikubwa. Hakuoa. Kadiri miaka ilivyosonga ndivyo alivyozidi kujitenga.

Jambo moja hakulijenga. Hakuandaa utaratibu wa Mwadui kuendelea bila yeye, wala hakuwapa waliofanya kazi na walioishi karibu nayo sehemu yoyote ya umiliki wake. Kila ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wake.

VIFO VIWILI

Katikati ya miaka ya 1950 mwili wake ulianza kumsaliti. Alipatwa na saratani ya koo. Wakati huo huo siasa za nchi zilikuwa zikibadilika. Mnamo Julai 1954, Julius Nyerere na wenzake waliunda chama cha TANU, na ilikuwa wazi kwamba utawala wa Waingereza una siku za kuhesabika.

Wapinzani wakuu wawili wa biashara ya almasi waliondoka karibu kwa pamoja. Ernest Oppenheimer alikufa Novemba 25, 1957. Wiki sita baadaye Williamson alimfuata, akafia Mwadui.

Mali ilirithiwa na ndugu zake. Hawakuwa na hamu ya kuendeleza vita vya marehemu katika nchi iliyokuwa ikielekea uhuru. Mnamo 1958, Williamson Diamonds iliuzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Kile ambacho Oppenheimer hakukipata akiwa hai, kampuni yake ilikipata baada ya wote wawili kuzikwa.

KUPANDA KWA MWISHO, KISHA KUSHUKA

Kwa macho ya nje, mji haukufa na mwanzilishi wake. Kinyume chake, mitambo mipya ililetwa na uzalishaji ukapanda. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, na katikati ya miaka ya 1960 Mwadui ilikaribia kutoa karati milioni moja kwa mwaka. Haijawahi kurudi katika kiwango hicho.

Kushuka kulikuwa na sababu zaidi ya moja, na si haki kumlaumu mtu mmoja.

Ya kwanza ilikuwa ardhi yenyewe. Kokoto za juu, zilizooshwa na mvua za mamilioni ya miaka, zilikuwa na almasi nyingi kuliko mwamba wa chini. Wachimbaji walianza kwa kula nyama. Kadiri shimo lilivyozama ndivyo walivyokaribia mfupa, na gharama ya kila karati ikapanda.

Ya pili ilikuwa siasa na uchumi. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilichukua Mwadui yote. Nia ilikuwa njema, kwamba mali ya nchi iwafae wananchi. Lakini fedha za kigeni zilipoadimika, vipuri navyo viliadimika. Mitambo ilizeeka bila kubadilishwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, machimbo yaliyowahi kuitikisa De Beers yalikuwa yakitoa kiasi kidogo tu cha almasi.

Mnamo 1994 serikali iliwaita tena De Beers, ikawapa asilimia 75 ya umiliki. Mnamo 2009 hisa hizo zilichukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds.

Chini ya Petra shimo lilionyesha kwamba bado halijakauka. Mwaka wa 2015 almasi ya waridi ya karati 23.16 kutoka Mwadui iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 10 za Marekani. Mwaka wa 2021 nyingine ya karati 32.32 ilileta dola milioni 13.8.

Hata hivyo, habari njema ziliandamana na mbaya. Mnamo Septemba 2017, wakati wa utawala wa Rais John Magufuli, serikali ilizuia mzigo wa zaidi ya karati 71,000 katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ikidai thamani yake ilikuwa imetajwa chini ya ile halisi. Mnamo Aprili 2020 janga la Covid-19 lilipoangusha soko, kazi zilisimamishwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Mwaka wa 2025 Petra nayo iliondoka, ikiuza hisa zake kwa kampuni iitwayo Pink Diamonds Investments. Tangu Williamson afariki, mlango wa Mwadui umepita mikononi mwa wenyeji na wageni, serikali na wafanyabiashara. Kila mmoja alikuja na ufunguo wake na kuondoka nao.

NJE YA LANGO

Karibu na machimbo hayo, kando ya barabara ya Shinyanga na Mwanza, upo mji mdogo wa Maganzo. Hakuna aliyeuchorea ramani kama Mwadui. Ulikua wenyewe kutokana na wachuuzi, mama wa vyakula, wachimbaji wadogo na madalali wa vijiwe vidogo vidogo.

Hapo ndipo inapoonekana hesabu ya pili ya almasi. Vijana wanaoingia ndani ya ua usiku kutafuta almasi katika mchanga wa mgodi huitwa wabeshi. Kwa mgodi wao ni wezi. Wao hujiona kama watu wanaookota makombo ya chakula kilichopikwa kwao.

Mgongano huo umemwaga damu. Mnamo 2021, Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 za Uingereza kumaliza kesi ya watu 71 waliodai kuwa wao au jamaa zao walipigwa, walipigwa risasi au waliuawa na walinzi wa mgodi. Ua alioujenga Williamson kulinda mawe ulikuwa umegeuka, baada ya miaka 80, mpaka kati ya majirani.

Sehemu nyingine za urithi wake zimetoa furaha. Timu ya soka ya Mwadui ilipanda hadi Ligi Kuu ya Tanzania mnamo 2015 na kuwakaribisha vigogo wa Dar es Salaam katika uwanja wake hadi iliposhushwa ngazi mnamo 2021. Hospitali na shule zilizoota ndani ya seng'enge zimewahudumia watu wengi kuliko idadi ya waliowahi kugusa almasi.

FUNZO LISILO LA MWADUI PEKEE

Wakenya hawana haja ya kuvuka mpaka kuliona jambo kama hilo. Kimwarer, katika Bonde la Kerio, palikuwa mahali pa shughuli wakati madini ya floraiti yalipochimbwa, na pakanyamaza kazi iliposimama katika muongo wa 2010. Kwale, kampuni ya Base Titanium ilimaliza kuchimba mnamo Desemba 2024, ikaacha wafanyakazi na wachuuzi wakijiuliza kesho italetwa na nani.

Katika visa hivi vyote, kinachoujenga mji ndicho kinachouweka rehani. Shimo lina mwisho wake. Swali ni kama, kabla ya mwisho huo kufika, mali imegeuzwa kuwa kitu ambacho wenyeji wanaweza kukishika: umiliki, ujuzi, mashamba yenye maji, biashara zisizotegemea lango moja.

Williamson alikuwa na akili ya kugundua kilichofichika chini ya ardhi na moyo wa kuwakabili wakubwa kuliko yeye. Alijenga mahali ambapo wengine wangechimba na kuondoka. Hayo hayawezi kufutwa. Lakini kila kitu kilisimama juu ya mabega yake, na mabega ya mtu huchoka.

Malkia aliyepewa almasi ya waridi alifariki Septemba 8, 2022, na pambo lake likabaki katika hazina ya familia ya kifalme. Miezi miwili baadaye, mnamo Novemba 7, ukuta wa bwawa la tope la mabaki ya mgodi wa Mwadui ulibomoka. Tope la kijivu, lile lililokwisha kuoshwa na kutolewa almasi, lilitiririka hadi katika makazi na mashamba ya vijiji vya jirani.

Ardhi ile ile iliyotoa ua la London ndiyo iliyorudisha tope hilo kwa wenyewe.